Nyumba Inapotupiwa Mawe: Mizimu na Historia katika Nchi ya Wazaramo

Kisarawe na Kibaha ni wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizokaa mgongoni mwa Dar es Salaam, upande wa magharibi. Kabla ya mipaka ya wilaya kuchorwa, sehemu hizo ziliitwa Uzaramo. Nchi yenyewe inaanzia vilima vya Pugu, ambavyo vilele vyake vinafikia takriban mita 300, na kuteremka hadi bonde la Ruvu, mto ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani. Habari za nyumba zenye mizimu, miti isiyokatwa na njia zisizopitwa usiku zimeandikwa kutoka nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 160.

Msomaji aliyezoea hadithi za Ulaya za hoteli kuukuu yenye chumba kimoja ambacho hakuna mgeni anayelala mpaka asubuhi atashangaa akija Uzaramo. Mzimu wa huku haukai katika jengo kwa kulipenda jengo. Makao yake ni mti, kichaka, kaburi au shimo, na ukionekana ndani ya nyumba ni kwa sababu kuna mtu wa nyumba hiyo aliyeufuata kwake kwanza. Tofauti hiyo ni ndogo kuisema, lakini inabadilisha karibu kila kitu: nani analaumiwa, nani anaitwa kutibu, na nyumba yenyewe inaponaje.

Kwa mapokeo yao, Wazaramo walishuka kutoka upande wa Uluguru. Inasimuliwa kwamba Wakamba waliwavamia Washomvi, watu wa pwani, nao wakaomba msaada bara. Aliyekuja kuwaokoa alikuwa kiongozi mwenye cheo cha pazi, na kwa ajili hiyo watu wake wakapata haki ya kudai ada kwa wenyeji wa pwani. Walikuja na ukoo, na walikuja na mizimu ya ukoo. Ndiyo maana kwa muda mrefu macho ya Uzaramo yaliendelea kutazama milimani, kwenye pango la Kolelo huko Uluguru. Mvua ikigoma au njaa ikiingia, wajumbe waliondoka na zawadi kwenda kuomba kwa Kolelo, ambaye masimulizi mengi yanamtaja kama nyoka mkubwa anayesema kwa kinywa cha mhudumu wake.

Karibu na makazi walikuwapo wakubwa wengine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, walisikia habari zao kila siku. Mmoja wao, Martin Klamroth, alizikusanya na kuzichapisha kwa Kijerumani kuanzia mwaka 1910. Mtafiti wa Kiingereza Alice Werner alizirudia katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933. Katika maandishi hayo kuna majina mawili makubwa. La kwanza ni mwenembago, mwenye pori, anayehesabiwa kuwa roho ya mtu mzima. La pili ni kinyamkela, roho inayohusishwa na watoto waliokufa, ambayo ikijionyesha huonekana nusu mtu: mguu mmoja, mkono mmoja, upande mmoja wa mwili. Wote wawili hupenda miti mikubwa yenye uwazi shinani. Jina la kinyamkela limeingia hata katika Kiswahili cha kawaida, kwa ule upepo wa kuzunguka unaochota vumbi na majani makavu mchana wa jua kali, ambao wazee huwaonya watoto wasiukimbilie.

Kisa cha kinyamkela kinachokaribia zaidi habari za nyumba yenye mizimu ni kile cha vijana na ndizi. Vijana hao walikuwa porini, wakakuta ndizi mbivu karibu na mti wenye uwazi, wakazichuma na kuzila. Aliyewatokea alikuwa na mguu mmoja na mkono mmoja. Walikimbia mpaka kijijini. Usiku ulipoingia, nyumba waliyolala ikaanza kupigwa kwa mawe, madongoa ya udongo na mifupa, na hakuna aliyemwona mtupaji. Watu wa kijiji walijaribu kila walichoweza, lakini vurumai haikukoma mpaka wale vijana walipoondolewa pale kijijini. Baada ya hapo nyumba ikatulia.

Jambo la kuangaliwa katika kisa hicho ni jinsi nyumba ilivyokuwa haina kosa. Haikujengwa juu ya kaburi wala hapakuwa na mtu aliyeuawa ndani yake. Mawe yaliwafuata wachumaji, na walipoondoka yakaondoka. Wanaochunguza habari za namna hii duniani kote wanajua kwamba mara nyingi nyumba inayotupiwa vitu na mtu asiyeonekana huwa na kijana ndani, na vitu hukoma anapohamishwa. Wapo wanaosema ni vijana wenyewe wanaotupa, kwa hofu, kwa hasira au kwa kutafuta kusikilizwa. Wazaramo waliona jambo hilohilo kwa macho makali, wakalieleza kwa njia yao: kijana amechukua cha wenyewe, na wenyewe wamekuja kudai. Ufafanuzi huo ulikuwa na faida ambayo haifai kudharauliwa. Ulimwachia kijana njia ya kutoka bila kuitwa mwongo mbele ya kijiji, na ulikilinda kichaka.

Taarifa nyingine ni ya zamani zaidi, nayo inatokana na mauaji halisi. Mwaka 1845 ofisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa aliyeitwa Maizan alitoka pwani ya Bagamoyo akitaka kufika kwenye maziwa makuu. Aliishia Dege la Mhora, ndani ya Uzaramo. Mwenyeji wake alikuwa mkuu mmoja aliyeitwa Mazungera, na mtoto wa mkuu huyo, Hembe, anatajwa katika mauaji. Maizan alifungwa kwenye mbuyu, akakatwakatwa na kuchinjwa huku ngoma ikipigwa. Serikali ya Seyyid Said iliyokuwa Zanzibar ililazimika kuonyesha kwamba imechukua hatua, na mtu aliyedaiwa kupiga ngoma siku ile alikamatwa na kuwekwa katika minyororo Unguja. Wakubwa hawakupatikana.

Miaka 12 baadaye, katikati ya 1857, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walianza safari yao kutoka Kaole na kupita Uzaramo. Katika kitabu alichochapisha London mwaka 1860, Burton alieleza alivyosikia kwamba Mazungera alikuwa anasumbuliwa na pepo wa yule mgeni wake. Hii ni miongoni mwa habari za mwanzo kabisa zilizochapishwa kuhusu mtu kuandamwa na mzimu katika eneo hili, na ina sura ileile ya kisa cha ndizi. Pepo hakubaki mbuyuni akisubiri wapita njia. Alimfuata aliyekosa. Burton alikuwa mwandishi mwenye dharau nyingi kwa Waafrika na maneno yake yanapaswa kusomwa kwa tahadhari, lakini hapa, bila kukusudia, alihifadhi kitu cha thamani: ushahidi kwamba watu wa Uzaramo hawakuyachukulia mauaji ya mgeni kuwa jambo jepesi. Mgeni aliyekula kwako ana haki, na akifa mkononi mwako anaweza kurudi kuidai.

Burton aliona pia vibanda vidogo vya mizimu kando ya njia. Vilikuwa vijumba vya majani visivyotosha mtu kuingia, vyenye vyungu vilivyovunjika, unga kidogo au matambara. Makaburi nayo yalikuwa na alama zake. Wachongaji wa Kizaramo walitengeneza nguzo za mbao za kusimamishwa kaburini, nyingine zikiwa na umbo la mwana hiti, kile kichwa chenye vishungi viwili juu ya kiwiliwili kilichofupishwa, ambacho pia mwali alipewa akae nacho wakati wa kufundwa. Umbo lililomlinda msichana katika kuingia utu uzima lilimlinda pia mfu katika kuingia upande wa pili. Nguzo nyingi ziliondolewa na sasa ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimewekewa taa na maelezo mafupi, mbali na makaburi ziliyokuwa zinayatunza. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu kaburi lisilo na alama husahaulika, na katika fikra za Kizaramo mfu aliyesahauliwa ndiye anayekuja kugonga.

Pugu ina historia ya damu pia. Novemba 1887 Papa Leo XIII alianzisha eneo jipya la kimisionari kusini mwa Zanzibar na kulikabidhi kwa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia kutoka Bavaria. Mwaka 1888 walipanda vilima na kujenga kituo Pugu, ambako waliwalea pia watoto waliokombolewa utumwani. Hawakupata hata mwaka mmoja wa utulivu. Kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuitwaa pwani, watu walisimama chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi na viongozi wengine, na tarehe 13 Januari 1889 kituo cha Pugu kilishambuliwa na kuchomwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerg na Sista Martha Wansing waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka, wakaachiwa baadaye kwa fidia. Mwezi Desemba mwaka huohuo Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Pangani.

Mahali penye mauaji ya watu watatu, moto na magofu pangetosha, katika nchi nyingine, kuzaa hadithi za taa zinazotembea usiku na mtawa mweupe asiye na uso. Pugu haikwenda njia hiyo. Imekuwa kituo cha hija cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam, na waumini hupanda kilima kusali. Wafu wa Pugu wana watu wanaowakumbuka kwa majina na kwa tarehe. Kwa kipimo cha Wazaramo wenyewe, wafu wa namna hiyo hawana sababu ya kusumbua mtu.

Katika kilima hichohicho Wakatoliki waliendesha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, sasa Shule ya Sekondari Pugu. Julius Nyerere alifundisha hapo baada ya kurudi kutoka Edinburgh, akijiuzulu Machi 1955 ili akitumikie chama cha TANU. Upande wa Kisarawe, Waanglikana waliihamishia Minaki mwaka 1925 shule yao ya Mtakatifu Andrea iliyokuwa Kiungani, Zanzibar.

Kati ya matukio hayo mawili, kifo cha wamisionari na ujio wa shule kubwa, ilipita Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na hapo mizimu ya Uzaramo iliingia katika siasa waziwazi. Mwaka 1905 jina la Kolelo lilitembea kijiji hadi kijiji kati ya Wazaramo pamoja na habari za dawa ya maji. Agizo lililosemekana kutoka pangoni halikuwa la mvua tena. Lilikuwa la kukataa kodi na utawala wa wageni. Wamisionari wa Maneromango, waliokuwa wakiandika habari za Kolelo kama imani za wazee, waliona imani hizo zikishika silaha. Miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani kwa kushiriki ni Kibasila, jumbe wa Kizaramo ambaye jina lake limebaki katika Shule ya Sekondari Kibasila, Dar es Salaam.

Mahali panapotajwa zaidi siku hizi wageni wanapouliza habari za kutisha Kisarawe ni mapango ya Pugu. Yalichimbwa na binadamu katika karne ya 20, katika mwamba mlaini mweupe wenye kaolini, udongo unaotumika katika vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Machimbo yalipoachwa, popo waliyachukua. Jioni wanatoka kwa wingi, mfululizo, kwa muda mrefu, na anayesimama mlangoni husikia upepo wa mbawa zao usoni kabla ya kuona vizuri kinachopita. Ndani kuna giza, joto na harufu kali ya kinyesi chao. Mtu hahitaji kuambiwa kwamba pango lina wenyewe. Mwili wake unajua. Upo pia msingi wa kitabibu wa kuyaheshimu mapango ya namna hii, kwani vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba vijidudu vinavyoshambulia mapafu.

Msitu unaozunguka mapango hayo, yaani Pugu pamoja na Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani na sasa umehifadhiwa kama msitu wa mazingira asilia. Ndani yake wanaishi komba wa aina kadhaa, akiwamo komba mdogo wa Rondo, anayepatikana Tanzania peke yake katika vipande vichache vya msitu wa pwani. Komba wakubwa ndio wanaofahamika kwa masikio. Sauti yao ya usiku inafanana mno na kilio cha mtoto mchanga, inakatika ghafla, kisha inasikika tena mahali pengine juu ya miti. Ukikumbuka kwamba kinyamkela alihesabiwa kuwa roho ya mtoto aliyekufa na kwamba makao yake ni mti wenye uwazi, mahali palepale anapolala komba mchana, ni vigumu kutoona uhusiano. Uhusiano huo haumalizi maelezo yote, maana wakulima wa Kizaramo walimjua komba na kumwita kwa jina lake. Unaonyesha tu kwamba imani ilikua mahali penye sauti zake.

Kwa kulinganisha, mtu anayetaka hoteli ya kale yenye habari za wafu anapaswa kuvuka bahari kwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye jumba la Mambo Msiige, Shangani. Lilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu wa ukoo wa Harithi, na masimulizi ya mjini yanadai kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa maelfu na kwamba watumwa walizikwa hai katika kuta zake ili jengo lisimame imara. Wamisionari wa Kianglikana walikaa hapo katika miaka ya 1860, ndio haohao ambao shule yao ya Kiungani ilikuja kuhamia Minaki. Baada yao uliingia ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha ofisi za serikali, na tangu mwaka 2015 jumba hilo ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt.

Masimulizi ya Mambo Msiige yana mantiki nyingine kabisa. Huko wafu wamefungwa ndani ya jengo, hawana jina wala ukoo, na hawamfuati mtu. Wanakaa ukutani wakiwakumbusha wanaopita utajiri wa jumba ulikotoka. Iwe maiti zimo au hazimo katika kuta zile, watumwa walikuwapo, na kazi yao ndiyo iliyoujenga mji. Hadithi imehifadhi ukweli ambao hati za mauzo ya nyumba hazikuutaja. Nyumba za udongo na makuti za Uzaramo hazingeweza kubeba kumbukumbu ya aina hiyo. Nyumba ya miti na udongo huchoka baada ya miaka kadhaa na watu hujenga nyingine kando. Mti na kaburi vinabaki. Ni haki kwamba mizimu ilipewa kile kinachodumu.

Kibaha ya leo ni mji wa majengo mapya. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha hapo pamoja na Tanganyika mradi mkubwa wa shule, afya na kilimo, uliokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Shule za bweni zilizozuka Tanzania nzima katika kipindi hicho zilileta sura mpya ya habari za mapepo: wasichana wengi wa bweni moja kuanguka, kulia au kupiga kelele kwa pamoja, na wazazi kusema shule imejengwa juu ya makaburi. Tukio maarufu kuliko yote halikutokea Pwani bali Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia. Hali ikawashika 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu, wakaeleza kuwa ni hali ya akili inayoambukizana katika kundi. Ukifikiria watoto waliotolewa nyumbani, wakawekwa chini ya kengele na mitihani, mbali na mama zao, maelezo hayo yanaeleweka bila shida.

Kwa upande wao, waganga wa Kizaramo hutibu kwa kuanza na maswali. Mgonjwa hupelekwa kilingeni, na kabla ya dawa huulizwa alikwenda wapi, alikata nini, alizika nani na hakumzika nani vizuri. Kuna ngoma ya madogoli ya kumpandisha na kumsemesha pepo aliyemshika mgonjwa, naye akisema huulizwa anataka nini. Madai huwa ya kueleweka: kitambaa cheupe, chekundu au cheusi, marashi, kuku, kibanda kidogo, kaburi kupaliliwa. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi katika kijiji cha Wazaramo wa pwani katika miaka ya 1960, alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1970 jinsi matibabu hayo yalivyokutanisha ndugu waliogombana na kumrudisha mgonjwa katikati yao. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa hapo.

Jiji la Dar es Salaam linapopanda kuelekea Kisarawe na Kibaha, miti yenyewe inapungua. Sehemu kubwa ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ilikatwa kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam na viwanja vya nyumba kabla ulinzi haujaimarishwa. Vichaka vya mizimu vijijini vimepona au kuangamia kutegemea kama wenye ukoo bado wapo karibu. Mnunuzi wa kiwanja akikuta mbuyu mkubwa katikati, mafundi wengi hukataa kuugusa mpaka wazee wa mahali hapo waitwe, waseme na waliomo, wamwage unga na maji shinani na kuwaomba wahame. Wakati mwingine wazee hurudi na jibu kwamba hawahami, na nyumba hujengwa kando ya mti.